Injini Ikishazimwa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande ungali kwenye nyasi, mwenyeji wangu alizima gari mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kutazama. Palikuwa na kichuguu, mgunga mmoja uliopinda, na bonde linaloteremkia kijito. Nyuma yangu walikaa wageni watatu waliovuka bahari kuja kuona simba, kamera zao tayari magotini. Yeye alivua kofia, akaitundika kwenye usukani, akainamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza kama jirani ameamka. Zikapita dakika tatu, labda nne. Mgeni mmoja akakohoa, akaomba radhi kwa kunong'ona. Kisha kule bondeni swala pala akapiga chafya mara moja, kimya, halafu mara mbili mfululizo, na mwenyeji wangu akavaa kofia yake.

"Kuna mwenye meno," alisema. "Tungoje tujue ni nani."

Tulingoja. Alituonyesha swala wenyewe, ambao hadi hapo tulikuwa hatujawaona: kumi na watatu, wote wamesimama wima, masikio mbele, nyuso zimeelekezwa kwenye kichaka kimoja cha kijani kibichi. Baada ya kitambo nyuso zikaanza kugeuka polepole, kwa pamoja, mfano wa watu wanaomfuata kwa macho mpita njia, kutoka kichakani hadi kwenye mawe, kutoka kwenye mawe hadi ukingo wa kijito. Hatimaye mmoja akashusha kichwa akala, na wengine wakafuata. "Amevuka," akasema mwenyeji wangu, akawasha gari. Mnyama mwenyewe hatukumwona hata mkia. Ila njia yake yote, mwanzo hadi mwisho, tuliisoma kwenye shingo za swala.

Ningependa kuisifu kazi hii polepole, maana kwa muda mrefu niliidharau. Nilidhani mwongozaji wa watalii ni dereva mwenye darubini, anayejua kusema "simba" kwa lugha nne na kunyoosha kidole. Siku sita nilizokaa kiti cha mbele katika Hifadhi ya Jamii ya Mara Naboisho, huko Kaunti ya Narok, kaskazini mashariki mwa hifadhi kubwa ya Maasai Mara, zilinionyesha kwamba nilikuwa nikitazama upande usiofaa. Kama kuna fundi hapa, ufundi wake mwingi uko katika yale anayojizuia kuyafanya.

Mwenyeji wangu aliniomba nisiandike jina lake. Alisema wenzake watamcheka mwaka mzima. Ni mtu wa miaka hamsini hivi, amezaliwa humo humo, na anapoulizwa na wageni alisomea wapi huwajibu kwamba yeye ni mchungaji aliyebadilishiwa mifugo. Wageni hucheka. Mimi nilipomzoea niliona kwamba hakuwa akitania.

Mtoto wa Kimaasai huanza na ndama karibu na boma, akikua hupewa mbuzi na kondoo, na baadaye ng'ombe, mbali zaidi kila mwaka. Mifugo hupotea, na anayeipoteza ndiye anayetumwa kuitafuta. Atajifunza kuutambua wayo wa ng'ombe wa kwao kati ya nyayo mia, atajua ulikanyagwa kabla ya mvua au baada yake, na atajua kama kuna wayo mwingine uliokuwa ukimfuata ng'ombe huyo. Mtoto anayekosea somo hili hukosa usingizi, na pengine hulala bila chakula. Hakuna chuo kitakachompa mwanafunzi sababu ya kusoma iliyo kali kuliko hiyo.

Hata hivyo chuo kipo, nacho kina sehemu yake. Mwaka 2005 ilifunguliwa shule ya waongozaji ya Koiyaki, kwa ajili ya vijana wa Mara wenyewe, wakati ambapo kazi nyingi zenye mshahara mzuri kambini zilikuwa za watu kutoka kwingine, na mwenyeji wa hapo alisimama getini na rungu. Baadaye shule hiyo ilihamia Pardamat, nayo leo ni Chuo cha Utalii wa Wanyamapori cha Maasai Mara. Juu yake kuna mitihani ya chama cha waongozaji wa Kenya, KPSGA, kilichoanzishwa mwaka 1996, yenye ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Mwenyeji wangu ana fedha, na beji yake huifuta kwa kona ya shuka kabla ya wageni kutoka mahemani. Ndege alikuwa akiwajua kwa Kimaa, kwa tabia na kwa kiota. Kilichomtoa jasho ni kuwajua tena kwa Kiingereza na kwa Kilatini. "Kilatini nilikikariri usiku," aliniambia, "ng'ombe wakiwa wamelala. Wao hawakuhitaji kunisikia."

Neno lenyewe, safari, linastahili kusemewa jambo hapa. Ni letu, na limeturudia limevaa nguo za watu. Kwetu safari ni basi la alfajiri kwenda Tanga, ni msiba bara, ni ndugu anayehamia Maskati. Wapagazi waliotembea kutoka Bagamoyo hadi Ujiji katika karne ya 19 walikuwa safarini, na hakuna aliyewaonyesha twiga. Halafu wakaja wawindaji. Theodore Roosevelt alipotua Mombasa mwaka 1909 na kuelekea bara na msafara wake mkubwa, neno lilikuwa limekwisha kupata maana ya pili, ya bunduki na hema. Mbele ya kila mwindaji wa namna hiyo alikuwapo mtu aliyeinama akisoma ardhi, na mara nyingi vitabu vilivyoandikwa baadaye vilimtaja kwa jina moja, au bila jina. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Bunduki ikaondoka, darubini ikashika nafasi yake, lakini aliyeinama aliendelea kuinama.

Siku ya tatu tuliliacha gari. Katika hifadhi za jamii kutembea kwa miguu kunaruhusiwa, tukiwa na askari mwenye silaha, jambo ambalo mgeni halipati ndani ya hifadhi kubwa. Mwenyeji wangu aliongoza, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba alitembea akilielekea jua. Nilimuuliza kwa nini tujitie upofu. Akaniambia nigeuke nitazame tulikotoka, kisha nitazame tuendako. Nyuma yetu ardhi ilikuwa tambarare na kimya. Mbele yetu, kwa kuwa jua la asubuhi liko chini, kila kishimo kilikuwa na kivuli chake, na njia nzima ilikuwa imeandikwa.

Aliinama penye mchanga laini karibu na kijito, akachora mduara kwa ncha ya fimbo kuuzunguka wayo, bila kuugusa. "Huyu?" Nilisema simba, kwa kuwa ulikuwa mkubwa. Akanionyesha vitobo vinne vidogo mbele ya vidole. Simba hutembea kucha zikiwa ndani ya ala. Chui vivyo hivyo. Wenye kucha zinazoonekana ni duma, ambaye kucha zake hazifichiki zote, na jamii ya mbwa, na fisi. Huyu alikuwa fisi: kucha butu, na wayo wa mbele mkubwa kuliko wa nyuma, kwa sababu fisi amebeba mabega na shingo nzito mbele na nyuma ni mwepesi. Hatua chache mbele tukamkuta simba wa kweli, na hapo alichukua muda. Kisigino cha paka huyu kina matuta matatu upande wa nyuma, yamejipanga kama vidole vya mtoto vilivyobonyeza unga. Kwenye mmoja wa nyayo zile sisafu alikuwa amepita, na njia yake nyembamba ilikatisha juu ya kisigino. Kwenye mwingine tone la umande lilikuwa limeanguka kutoka jani la juu na kuacha kishimo. "Sisafu alipita juu yake. Umande ulidondoka juu yake. Kwa hiyo yeye alitangulia. Usiku, kabla ya baridi kali."

Kwenye udongo uliokauka alikuta wayo wa mbele wa tembo, duara kamili lenye nyufa kama ramani ya mito. Alitoa kamba mfukoni, akaizungusha ukingoni, akapima, akaikunja kamba mara mbili, akaishika karibu na bega langu. Ilinipita. Mzunguko wa wayo wa mbele wa tembo, ukiuzidisha mara mbili, unakaribia kimo chake begani. Nimeona hesabu hiyo kwenye vitabu. Kuiona ikisimama kando yangu, juu ya utosi wangu, saa mbili asubuhi, ni habari tofauti.

Niliporudi jioni nilijaribu kuorodhesha alichosoma siku ile bila kuona mnyama, nikaacha, maana haikuwa orodha. Alikuwa akisoma vitu kwa kuvilinganisha. Tai wanaoshuka wote sehemu moja bila kusita wanasema mzoga hauna mwenyewe. Tai waliojipanga juu ya mti wakitazama chini wanasema mwenyewe bado yuko mezani. Nyamera dume husimama juu ya kichuguu kutwa akiwaonyesha wenzake eneo lake, kwa hiyo kumkuta huko si habari, lakini kumkuta ameganda na kukoroma kuelekea upande mmoja ni habari kubwa. Twiga watatu wakitazama upande mmoja ni bora kuliko redio. Kuhusu tumbili, wataalamu Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walionyesha mwaka 1980, kwa kazi yao ya Amboseli, kwamba mlio wa tumbili kwa chui si mlio wake kwa tai, wala si ule wa nyoka. Mwenyeji wangu alipolisikia hilo kutoka kwangu alisema, kwa adabu, kwamba ni vizuri wamekubali.

Sasa nije kwenye gari, maana huko ndiko nilikomwelewa.

Ukimtazama dereva wa kawaida akimwona simba, utaona gari linakwenda moja kwa moja kwa simba. Mwenyeji wangu hakuwahi kufanya hivyo. Alikwenda kwa mshazari, kama mtu anayepita kwenda kwingine, akapunguza mwendo mapema, akazima injini mbali kidogo kuliko wageni walivyotaka. Alitafuta jua liwe mgongoni mwetu. Alitazama upepo. Hakusimama kati ya mama na watoto, wala kati ya mnyama na kichaka chake, na kila mara aliacha upande mmoja wazi, "mlango", kama alivyouita. Na mara nyingi hakusimama alipokuwa mnyama bali alipokuwa akienda. Alijua kwamba simba jike waliokuwa wakijinyoosha kivulini wangeshuka kijitoni jua likilegea, akaegesha karibu na kivuko saa nzima kabla, akatoa chai na maandazi. Simba walikuja wenyewe, wakapita hatua kumi na tano kutoka kwetu, mmoja akatutazama bila hamu. Wageni walidhani ni bahati. Yeye hakuwasahihisha.

Kuzima injini ni kitendo cha sekunde moja, na nimekuja kukiona kama sahihi ya fundi. Gari likinguruma, picha hutikisika, hilo kila mpiga picha anajua. Lakini pia masikio ya mwongozaji yanakufa, na mnyama hawezi kusikia kinachomjia nyuma ya kelele yetu. Na lipo la tatu: aliyezima injini amekubali kwamba hatakimbilia popote. Anayeiacha ikiunguruma yuko hapo kwa mguu mmoja tu, redio inamwita kwa mwingine.

Nasema haya nikiwa na deni. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Mara kwa gari la kukodi, sisi saba, tumelipa kwa kuchangishana, kwa siku moja na nusu. Dereva wetu alikuwa kijana mchangamfu, na redio yake haikunyamaza. Ikasema duma. Tulikwenda kasi hadi nikagonga kichwa kwenye paa. Tulipofika magari yalikuwa yamefanya duara, nilihesabu kumi na saba nikaacha, na katikati yake duma jike na watoto wawili, mdomo wazi, akigeuka upande huu na ule akitafuta pa kutokea. Mbali kidogo palikuwa na swala tomi aliokuwa akiwanyatia kabla hatujafika. Dereva wetu alisita. Aligeuka akatutazama. Na sisi, nikiwemo, tukamwambia asogee.

Sikulifikiria tena hadi niliposoma kazi ya mtafiti Femke Broekhuis kuhusu duma wa Mara, iliyochapishwa mwaka 2018. Alikuta kwamba mahali penye utalii mwingi duma jike alifanikiwa kulea hadi kujitegemea wastani wa watoto 0.2 kwa kila uzao. Mahali penye utalii mdogo, 2.3. Sijui jinsi ya kuzipamba tarakimu hizo, wala sidhani zinahitaji pambo.

Lakini si haki kumtupia dereva yule mzigo wote, na hapa ndipo ufundi unapogusana na pesa. Kanuni za Mara zipo: magari yasizidi matano kwa mnyama mmoja, umbali usipungue mita 20, wengine wakingoja mbali ukae dakika kumi uondoke. Alizijua. Ila kijana anayelipwa kidogo, anayetegemea bakshishi ya watu saba waliokuja kwa siku moja na nusu, kila dakika ya subira inamtoka mfukoni mwake. Kumwambia ajizuie ni kumwambia ale pungufu. Kujizuia, kama ufundi wowote, kunataka mtu wa kukulipia.

Na kwa Naboisho, anayelipia ni mpango wa ardhi. Ardhi hii ilikuwa sehemu ya ranchi ya pamoja ya Koiyaki, ikaja kugawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake. Hatimiliki ilikuwa furaha, kisha ikawa tatizo: kipande kimoja hakitoshi ng'ombe wakati wa kiangazi, na kila aliyejenga ua alikata njia ya nyumbu na ya jirani yake kwa pamoja. Mwaka 2010 wenye vipande zaidi ya mia tano waliviunganisha tena, safari hii kwa mkataba, wakavikodisha kwa kambi za kitalii, ekari karibu 50,000. Naboisho kwa Kimaa ni kuja pamoja. Kambi hulipa kodi ya ardhi kwa ekari, kila mwezi, benki, wageni wawe wengi au wachache. Idadi ya mahema imewekewa kikomo, hema moja kwa kila ekari 350. Naboisho haikuwa ya kwanza: Ol Kinyei ilitangulia mwaka 2005 na Olare Orok mwaka 2006. Leo hifadhi za namna hii kuizunguka Mara zina ekari zaidi ya 350,000 na wenye ardhi zaidi ya 14,000.

Uzito wa hesabu hiyo unaonekana ukikumbuka kwamba wanyama wa Kenya wengi wao hawaishi ndani ya hifadhi za serikali, na kwamba kati ya mwaka 1977 na 2016 wanyamapori wa nyanda za malisho za nchi hii walipungua kwa wastani wa asilimia 68. Uwindaji ulikuwa umekwisha kufungwa miaka yote hiyo. Mnyama alikuwa na sheria, hakuwa na mpangishaji.

Mwenyeji wangu ni mmoja wa wenye vipande. Anapozima injini, anaizima juu ya ardhi inayomlipa kodi, akiwa na mshahara wa kambi, na bakshishi ikija ni ya kuongezea karo. Ndiyo maana anaweza kungoja. Siondoi kipaji chake hata chembe. Nasema tu kwamba nimewaona wenye kipaji kama chake wakikimbizwa na redio.

Nisiipake rangi. Hatimiliki nyingi zina majina ya wanaume, na kodi huingia benki kwa jina lililo kwenye hati, kwa hiyo mama anayeamka kukamua ndiye anayeisikia pesa hiyo kwa tetesi. Asiye na kipande hana kodi. Malisho yana zamu na mipaka, na kiangazi kikikaza kijana atapitisha ng'ombe usiku pasiporuhusiwa, kama ambavyo ningefanya mimi. Mwaka 2020 ndege zilipoacha kuja, kambi zilifunga, malipo yakayumba, na mpango mzima ulionyesha kwamba umesimama juu ya mguu ulio ng'ambo ya bahari. Mwenyeji wangu alirudi kuchunga mwaka ule. Nilimuuliza kama alisahau kazi. Akashangaa swali. "Kazi gani? Nilikuwa natembea kulielekea jua kila siku."

Kilichonichelewesha zaidi kukiona ni jinsi anavyowachunga wageni. Siku ya kwanza wao huja na orodha, Wakubwa Watano, na macho yao ni ya mtu aliyeingia dukani. Yeye hawapingi. Lakini atasimamisha gari kwa ajili ya mbawakawa anayevingirisha donge la mavi, atawapa dakika kumi nzima, bila kicheko wala pole. Siku ya pili atamuuliza mgeni mmoja, yule mwenye haraka kuliko wote, anadhani pundamilia wale wamekaa hivyo kwa nini, kichwa cha huyu juu ya mgongo wa yule. Atamwacha afikiri. Hatoi jibu hadi jioni. Siku ya nne yule mwenye haraka ndiye aliyesema "shh" wengine walipoanza kuongea. Sikumwona akiwafundisha chochote. Aliwazimia tu injini, mara nyingi ya kutosha.

Redio yenyewe ina lugha yake. Kwa kuwa filamu zimewafundisha wageni wa dunia nzima neno simba, waongozaji hulikwepa wasije wakaahidi kabla ya kufika. Utasikia masharubu, utasikia masikio kwa tembo. Ni Kiswahili cha kuficha, kinachobadilika kila kinapogunduliwa, na nilifurahi kuona lugha yetu bado ina vyumba vya ndani ambavyo mtalii hajapewa funguo.

Siku ya mwisho, kwenye mteremko wenye majani marefu, aliona kitu ambacho mimi na darubini yangu hatukukiona: nyasi zilizotikisika kinyume cha upepo. Alikwenda kwa mshazari wake, akazima mbali, mbali kuliko siku zote. Ilichukua muda kabla kichwa hakijainuka, kidogo, na ile mistari miwili ya machozi chini ya macho. Duma jike. Kisha nyuma yake vikatokea vinyoya vya kijivu vilivyosimama migongoni, vinne, vidogo kiasi cha kukaa kwenye kikapu. Hakuna aliyepiga picha kwa sekunde kadhaa. Baadaye wakapiga, kimya, chache.

Dakika saba. Niliangalia saa. Kisha yeye akashika ufunguo, na mgeni yule aliyekuwa na haraka siku ya kwanza akasema taratibu kama tungeweza kubaki kidogo, hakukuwa na gari jingine. Mwenyeji wangu akamwonyesha kwa kidevu. Mama alikuwa ameketi, lakini mara mbili amewatazama watoto na mara tatu ametutazama sisi, na kule mbali swala tomi walikuwa wakila. "Ana njaa," alisema. "Hawezi kwenda kutafuta akiwa na sisi mlangoni kwake." Tukarudi nyuma kwa njia tuliyojia, juu ya alama za magurudumu yetu wenyewe.

Tulikuwa tumefika barabarani redio ilipokoroma. Gari la kambi nyingine, lilikuwa upande wa pili wa kilima, na dereva wake alikuwa ametuona tukitoka mteremkoni.

"Kaka, kuna nini huko?"

Mwenyeji wangu alikitazama kile kifaa kidogo, kisha akatazama mbele, ambako pundamilia wawili walikuwa wamesimama, kichwa cha huyu juu ya mgongo wa yule.

"Pundamilia," akasema. "Wawili."

Na ilikuwa kweli.